Chumvi ya Kibokoni

Maskati, 9 Machi 1995

Kwa Swabaha,

Salaam aleikum. Mimi mzima, na Idd imetupita salama ila goti langu halikufurahi. Mwanangu Chirau hajambo, siku hizi anaendesha lori la maji. Mkewe hajambo pia, ingawa bado hajajifunza kukuna nazi wala kufunga mdomo. Wajukuu wangu wamekuwa Waarabu kabisa, nikiwaambia kaa wanakwenda. Msalimie mamako na miguu yake. Mwambie shangazi yako anasema dawa ya miguu ni kusimama.

Sasa jambo lenyewe. Bi Mwanarusi amenipigia simu. Binti yake mdogo anaolewa Desemba, na anataka pilau ya watu mia tatu, sufuria nne, mkono wangu. Nilidhani ananitania. Mwanamke ambaye harusi ya binti yake mkubwa iliharibika kwa chumvi mbele ya Mji wa Kale mzima, na bado anauliza jiko letu, huyo ama ana moyo wa chuma ama wapishi wengine wamemshinda bei. Nikamwambia mimi siwezi kusafiri, lakini sufuria zangu zipo palepale Kibokoni nilipoziacha, na mtoto wa marehemu kaka yangu yupo.

Wajua alijibu nini? Simu ya ng'ambo, dakika zinaliwa, na yeye anachagua maneno. Halafu akasema, "Bi Mejumaa, si yule wa chumvi?"

Nikamwambia ndiye, huyo ndiye tuliye naye. Nikamtuliza, lakini ilinitoa jasho. Kwa hivyo sikiliza vizuri. Pilau hii itakuwa yangu. Vipimo nimekuandikia katika karatasi iliyomo humu, kila kitu kwa kopo na kwa ratili, hakuna cha kubahatisha. Viungo nitavisaga mwenyewe na kuvituma. Wewe utakuwa miguu yangu tu. Wakikuuliza, sema shangazi ameongoza kila kitu kwa barua. Chumvi usiiguse. Atapima Kasyoka, yule muosha sufuria wetu, kwa kopo, mbele ya watu, ili kila mtu aone mkono wako uko mbali. Kasyoka kwao ni mahindi na maharagwe, lakini kuhesabu makopo anajua.

Na usionje. Nakujua utataka kuonja. Ulimi wako ni ulimi wa paka, unajua samaki na maziwa, yaliyobaki ni kubahatisha. Miaka yote ile jikoni nilikuonjesha ili ujifunze, na hukujifunza.

Jaribu kwa mchele kidogo kwanza, kisha uniandikie. Usiniandikie maneno ya kujisikitikia. Miaka miwili imepita, na mtu hafi kwa kuitwa jina.

Ni mimi shangazi yako,
Mejumaa


Kibokoni, Mombasa, 2 Mei 1995

Shangazi yangu,

Shikamoo, na baada ya shikamoo nakupa mkono wa Idd ingawa imeshapoa. Sisi huku hatujambo. Masika yameanza na paa linavuja palepale pa zamani, juu ya kitanda cha mama. Mama anakusalimu, anasema amesikia habari ya kusimama na atasimama siku utakayokuja kumshika mkono. Kasyoka amehamia chumba kingine huko Tudor, na binti yake Everlyne ameingia darasa la kwanza. Bado anakuja kunisaidia kumenya na kuosha. Kazi ni ndogo ndogo, mahamri ya asubuhi na hitma moja moja. Harusi hatuitwi.

Vipimo vyako nimevijaribu mara tatu. Mara tatu nilifuata kopo kwa kopo, nikazima moto kwa saa, sikuongeza wala sikupunguza. Kwa macho ni pilau yako kabisa. Rangi yake, punje zake, hakuna iliyovunjika. Lakini ukila haikuiti ule tena. Kasyoka alikula akasema, "Si mbaya." Mama alikula nusu akaomba maji.

Nisamehe, Shangazi, nilionja. Najua ulinikataza. Nilihisi kuna kitu kimepungua, lakini sikuthubutu kusema ni nini, maana mimi siku hizi hata yai la kuchemsha nampa mama aonje kwanza. Unaniambia nisijisikitikie, basi hii ni habari tu: nikienda Marikiti kununua vitunguu, wachukuzi wananiita Mkono Chumvi. Hata wasionijua wananiita hivyo, wanadhani ni jina langu. Nikitia chumvi kwenye chakula changu mwenyewe, ninaanza kuhesabu, nimetia mara moja au mara mbili? Halafu nakula chakula kisicho na chumvi, ndiyo salama yangu.

Nina swali, na naomba usinikasirikie. Siku ile ya harusi ya kwanza, ni mimi niliyetia chumvi? Nauliza kwa kweli. Mwanzoni nilikuwa nakumbuka vizuri kwamba sikugusa. Sasa nikifumba macho nauona mkono wangu ndani ya kopo. Sijui kama nimeuona kweli au nimeambiwa mara nyingi mpaka nimeuona.

Wako,
Swabaha


Maskati, 20 Juni 1995

Kwa Swabaha,

Salaam. Joto la huku ni la kupikia, mtu akitoka nje adhuhuri anarudi amekaangika. Chirau hajambo. Mkewe ana mimba nyingine, Mungu amsaidie mtoto.

Barua yako nimeipata, na nimeisoma nikiwa nimekaa, maana ukisoma upumbavu umesimama unaweza kuanguka. Vipimo vyangu havikosei. Vimelisha Mombasa kwa miaka ishirini na sita. Kama pilau "haikuiti", basi wewe ndiye uliyekuwa umeziba masikio.

Unaniuliza kuhusu siku ile. Nitakujibu mara moja, na usirudie. Wanawake wakaketi, sahani zikapita, tonge la kwanza likarudi sahanini. Mkeka mzima wakatema. Bi Mwanarusi akaja jikoni kama simba. Nami nikaushika mkono wako nikauinua juu, nikasema, "Huu hapa mkono uliotia!" Umesahau? Nilikuinua mkono mbele ya watu, na wewe hukukataa. Ulisimama tu ukilia. Mtu asiye na kosa hukataa. Basi jijibu mwenyewe.

Ndiyo, mamake mchumba wako Mahfudh alikuwapo siku hiyo, na ndiyo, posa waliivunja baada ya wiki. Hilo si langu. Mwanamume anayekimbia chumvi angekimbia na njaa pia. Nasikia amepata mtoto wa pili.

Viungo nimevituma kwa mkono wa jirani yetu anayekuja Mombasa mwezi ujao. Bizari nyembamba, hiliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, vyote nimevisaga mwenyewe. Nimevinusa na kuvionja kabla ya kufunga, ni vikali kama inavyotakiwa. Humo ndani ya mfuko kuna sabuni kumi na mbili za kuogea za mamako. Harufu nzuri itamsahaulisha miguu.

Fanya kama nilivyosema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe huna pa kuinama zaidi ya hapo ulipo.

Mejumaa


Kibokoni, 14 Agosti 1995

Shangazi,

Shikamoo. Mama anashukuru sana kwa sabuni. Ameoga nazo mara mbili na amegawia majirani. Paa tumeliziba kwa lami. Everlyne amekuwa wa nne darasani, Kasyoka anatangaza mtaa mzima.

Viungo vimefika. Nilivifungua mbele ya Kasyoka. Shangazi, vinanuka sabuni. Si kidogo. Vimekaa mfuko mmoja na sabuni kumi na mbili za maua kwa wiki nne, karatasi kwa karatasi. Kasyoka alipofungua bizari alipiga chafya, na mama kule chumbani akauliza nani anafua. Nikapika kidogo ili nisiwe nimekuhukumu bure. Ilikuwa kama kula shuka iliyotoka kuanikwa. Tulimpa paka wa jirani, akainusa akaondoka.

Wewe ndiye uliyenifunza kwamba viungo havilali chumba kimoja na sabuni, wala mafuta ya nywele, wala ubani. Ulinipiga kofi nikiwa na miaka kumi na tatu kwa sababu niliweka hiliki karibu na uturi. Mtu anayejua hivyo anawezaje kuvifunga pamoja?

Umeandika kwamba umevinusa na kuvionja. Ulivinusa kweli?

Nilipomsomea Kasyoka sehemu hiyo alitaka kusema kitu, kisha akaona afadhali akaoshe sufuria. Sufuria ilikuwa imeshaoshwa.

Nangoja jibu lako. Nina muda mpaka Desemba, lakini Bi Mwanarusi anauliza kila Ijumaa.

Swabaha


Maskati, 30 Oktoba 1995

Kwa Swabaha,

Salaam. Nimechelewa kwa sababu ya goti. Daktari wa huku amelitazama, amelipiga picha, amechukua pesa za Chirau, na goti liko vilevile. Mke wa Chirau amejifungua mtoto wa kiume. Wamempa jina refu sitaliandika.

Sabuni ni nzuri, nafurahi mamako ameoga.

Viungo havina kasoro. Pua yako na ulimi wako ni ndugu wa tumbo moja, siwezi kumsikiliza mmoja nikamwacha mwenzake. Viache wazi siku mbili kwenye upepo, uvitumie. Na Kasyoka nimemlipa miaka yote ile aoshe sufuria, hakulipwa kutaka kusema.

Sitaki barua nyingine ya maswali. Ukiona huwezi, nimeshamwandikia Bi Kanze wa Makadara. Yuko tayari kuchukua sufuria zangu zote, na mwiko, na mafiga, na harusi ya Bi Mwanarusi pamoja. Wewe utabaki na mahamri yako. Mahamri hayana harusi, na hakuna atakayekutambua ukikosea. Labda hapo ndipo mahali pako, na si aibu. Kuna watu wameumbwa kupeleka sahani.

Nijibu kwa neno moja, utafuata au hutafuata.

Mejumaa


Kibokoni, 28 Desemba 1995

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Mama anasimama siku hizi, amepata fimbo ya mpera, anafika mpaka mlangoni. Everlyne amefunga shule.

Sikukujibu kwa neno moja kwa sababu lilikuwa refu. Leo nakujibu lote.

Nilimsomea Kasyoka barua yako, mpaka pale uliposema hakulipwa kutaka kusema. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

"Swabaha, mimi nilinyamaza juu ya kazi. Ile mwaka ya tisini na mbili nilichanganya makopo ya sukari na chumvi. Nikamtilia shangazi yako Mejumaa chumvi kwa chai, vijiko tatu. Nikakumbuka akiwa amekunywa nusu. Nikangoja anirushie kikombe kwa uso. Akamaliza yote, akaniambia, Kasyoka, niongeze ingine."

Nikaketi juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, sikusikia hata meno yake. Shangazi, nikaanza kuzikumbuka siku zote. Supu ikichemka, kabla mchele haujaingia, ulikuwa unachota kwa mwiko unanidondoshea kiganjani. "Onja. Sema." Nikisema bado, unanitukana, kisha unaongeza. Nikisema imekolea, unanitukana, kisha unaacha. Kila siku matusi, na kila siku ulifanya nililosema. Na mimi niliyasikia matusi tu.

Nikamuuliza Kasyoka siku ya harusi aliona nini. Akasema alikuwa anapuliza moto wa sufuria ya pili. Akaniona nimeonja nikasema, "Shangazi, chumvi imekolea." Bi Mwanarusi alikuwa amesimama nyuma yako. Wewe ukadondosha kiganjani mwako, ukaramba, ukasema kwa sauti ya kusikika, "Nyamaa wee, wajua nini? Bado, ni maji ya kisima haya!" Ukatia ngumi mbili. Ukaenda sufuria ya pili, ya tatu, ya nne. Mkono wako, Shangazi, na bangili zako.

Nililia, lakini si sana. Nilikuwa na hasira iliyonishibisha siku tatu.

Halafu nikaenda kwa Bi Mwanarusi. Sikumwambia habari zako. Nilimwambia, "Pilau hii haitakuwa ya shangazi. Yuko Maskati, chakula hakipikiki kwa barua. Nikipika napika mimi, na nitaonja mimi. Ukitaka mwengine, mtafute mapema."

"Wajua wanavyokuita?"

"Najua."

"Na huoni haya?"

"Naona. Lakini na kupika najua."

Alinitazama kama mtu anayechagua samaki. Akasema, "Haya. Lakini utaonja mbele yangu, kila sufuria. Na kabla mgeni hajala, utakula sahani nzima umesimama, wanawake wote wakuone. Ukitema, utatoka hapa na sufuria zenu kichwani." Nikakubali. Bi Kanze alikuja kuchukua vyombo siku ya pili, nikamwambia arudi baada ya harusi kama bado atavitaka.

Harusi ilikuwa tarehe kumi na sita, Jumamosi. Viungo vyako nilivitupa, nikanunua vyangu Marikiti na kuvisaga usiku wa kuamkia siku hiyo. Karatasi ya vipimo niliwashia moto. Nilionja supu ya sufuria ya kwanza mbele ya Bi Mwanarusi, na tone likaangukia kanga yangu. Alicheka. Nikaonja tena. Bado. Nikatia chumvi kwa mkono wangu, na wanawake waliokuwa wakikata kachumbari wakaacha kukata. Mmoja akasema, "Ya Rabi, tumekufa."

Sahani nililetewa imejaa, nikala nimesimama katikati ya ukumbi, wanawake wamenizunguka kwenye mikeka wananitazama taya. Hujawahi kufanyiwa hivyo, Shangazi. Kula mbele ya watu wanaosubiri uteme. Nilikula mpaka punje ya mwisho. Kuna waliosogeza sahani zao, na kuna watatu walioaga wakaenda kula kwao. Mke wa Mahfudh alikuwapo, mtoto mapajani. Nilimpakulia mwenyewe. Alisema ahsante bila kuniangalia, akala yote.

Kisha sufuria ya tatu ikanitia aibu. Nilichelewa kupunguza moto wa chini, ikashika. Ukoko wa unene wa vidole viwili. Wajua mwenyewe ulivyokuwa ukitufanya: tuukwangue kimya kimya, tuufunge gazetini, tukatupie paka kabla mgeni hajauona, kwa sababu jiko la Bi Mejumaa halishiki. Kasyoka alikuwa ameshaleta gazeti. Nikamwambia arudishe.

Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti, "Sufuria ya tatu imeshika. Ni kosa langu, nilichelewa moto. Wali wa juu ni mzima. Anayetaka ukoko aje na sahani."

Halafu mmoja akapiga kelele, "Mkono Chumvi kawa Mkono Ukoko!" Wakacheka wote, mpaka bibi harusi huko ndani akasikika anacheka. Nilitamani ardhi inimeze, nakwambia kweli. Lakini nilikuwa nimeshasema, na lililosemwa na mwenyewe halina wa kulifichua. Nikasimama nikiwatazama mpaka kicheko kikachoka.

Aliyeinuka wa kwanza ni Bi Mwanarusi. Akaja na sahani yake, akasema, "Nipe wa pembeni, ule mwekundu." Baada yake walikuja kwa kusukumana. Walikwangua mpaka sufuria ikalia, na wawili waligombana juu ya kipande.

Bado wananiita Mkono Chumvi. Jina halitoki kwa siku moja. Lakini nimeitwa harusi mbili baada ya Ramadhani.

Shangazi, mficha maradhi, kifo humuumbua. Tangu lini?

Swabaha


Maskati, 25 Januari 1996

Kwa Swabaha,

Salaam. Ramadhani imeingia, tumefunga. Goti ni lile. Mtoto anakua.

Umejua kuandika. Umejifunza kwangu, maana mamako hawezi kutukana bila kuomba radhi. Umeniandikia kurasa sita za mwanamke wa Kikamba na kikombe cha chai. Mimi chai yangu nakunywa nipendavyo. Na karatasi ya vipimo haikuwa yako kuwashia moto. Na ukoko kuupeleka mbele ya wageni ni kuwavulia watu nguo. Ningekuwapo ningekuzaba kibao, harusi au si harusi.

Nimeisoma barua mara nne. Umeniambia nani alikaa wapi, nani alicheka, nani aliondoka, umeniambia mpaka tone lililoangukia kanga yako. Pilau yenyewe hukuniambia ilikuwaje. Hata neno moja. Umefanya kusudi, nakujua.

Huku wananiletea futari kila jioni, sahani saba, wananiuliza, "Tamu, mama?" Nasema tamu.

Ule ukoko, Swabaha. Ule wa pembeni, mwekundu. Ulikuwaje?

Mejumaa


Kibokoni, 24 Februari 1996

Shangazi,

Shikamoo na mkono wa Idd. Mama hajambo, Kasyoka hajambo, paa halivuji.

Ukoko ninaukumbuka vizuri sana. Ulimi wa paka hausahau.

Nitakuandikia ulivyokuwa, wote, tangu kuuma mpaka kumeza, siku utakayowaandikia wanawake wa Kibokoni ni nani aliyetia chumvi. Kabla ya siku hiyo, sitakuambia ladha ya kitu chochote, hata ya maji. Ukiniandikia salamu nitakujibu salamu.

Swabaha


Maskati, 2 Juni 1996

Kwa Swabaha,

Salaam. Goti limekubali kidogo. Mkaza mwanangu anajifunza kukuna nazi, anakuna na vidole.

Nimekaa na barua yako miezi mitatu. Niliichana, nikaiunganisha. Mtoto niliyemfuta kamasi ananiwekea masharti. Usidhani nimeanza kukupenda ghafla, na usidhani nimejuta kila usiku. Usiku nalala.

Ni tangu ile homa ya mwaka wa tisini na moja, nilipolala siku kumi na saba. Nilipoinuka, chakula chote kimekuwa pamba. Nikangoja kirudi, hakikurudi. Ningemwambia nani? Mpishi asiyeonja ni nani? Nilikuwa na wewe, ulimi wako ulikuwa mzuri kuliko wangu wa zamani, nami niliuchukia. Kila ulipopatia nilitamani ukosee. Siku ile Bi Mwanarusi aliniambia sikioni, "Siku hizi naona msichana ndiye anayeonja." Basi. Kwa neno hilo tu. Nilipoona wanatema nilijua, na mkono wako ulikuwa karibu.

Niliondoka Mombasa, lakini si kwa sababu ya goti. Bila wewe nisingeweza kupika, na pamoja na wewe nisingeweza kukutazama.

Mahfudh siwezi kumrudisha. Haya, msomee hii Bi Mwanarusi, na kila anayetaka:

"Nyinyi wanawake wa Kibokoni. Chumvi ya harusi ya mwaka wa tisini na tatu niliitia mimi, Mejumaa, kwa mkono wangu wa kulia, ngumi mbili kila sufuria. Swabaha aliniambia imekolea, nikamwambia anyamaze. Mimi sionji wala sinusi. Pilau mlizozisifu baada ya homa yangu ziliongozwa na ulimi wake, na sifa nikazila mimi. Nikauinua mkono wake mbele yenu nikijua ni wangu. Anayetaka kunicheka anicheke, niko mbali."

Nimeandika mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Sasa niambie.

Mejumaa


Kibokoni, 19 Juni 1996

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika leo asubuhi, na leo hii hii nakujibu. Mama anakusalimu.

Nimeisoma kwa Bi Mwanarusi baada ya alasiri, kwa sauti, wanawake kumi na saba wamekaa. Nilipofika kwenye "sifa nikazila mimi" mmoja alicheka, Bi Mwanarusi akamtoa nje. Mamake Mahfudh alikuwapo. Alikuwa anautazama mkeka. Sikumngoja aseme, nikaendelea kusoma. Kasyoka alilia kwa niaba yangu.

Sijakusamehe. Nakuambia mapema usije ukayachukua haya yanayofuata kuwa ni msamaha. Ni ahadi tu, na mimi ahadi natimiza.

Keti vizuri. Ukoko wa pembeni, ule mwekundu. Ukiuuma unakataa kwanza, mgumu, kisha unavunjika wote kwa pamoja na unausikia mpaka masikioni. Hapo unakuja uchungu, kidogo tu, wa kitunguu kilichoungua, unataka kuuchukia na mara umeondoka. Nyuma yake kuna utamu, wa kitunguu hichohicho. Samli imeganda kwenye meno. Kuna karafuu moja iliyonasa, ukiikanyaga kwa gego ulimi unakufa ganzi upande mmoja, halafu moshi wa kuni za mkoko, hafifu, unapanda puani. Unataka kipande kingine kabla hujamaliza hicho.

Na chumvi, Shangazi. Chumvi imekolea.

Swabaha